Msiwasingizie Usingizi

Kila uchaguzi mkuu unapopita na idadi ya waliojitokeza ikawa ndogo, lawama humwangukia mtu mmoja: mwananchi. Hana mwamko. Kijana anashinda kwenye simu, mwanakijiji hajui thamani ya kura yake, elimu ya uraia haijamfikia. Maneno hayo husemwa semina baada ya semina, huandikwa kwenye tahariri, na wanaoyasema wengi wao wana nia njema kabisa. Hata dawa huwa tayari: fulana, kofia, tamasha la Bongo Fleva uwanjani na matangazo ya redio. Mimi napinga. Napinga kwa sababu lawama hiyo haikubaliani na takwimu zilizopo, na napinga zaidi kwa sababu ukiitazama kutoka Tabora unaiona ilivyo ya zamani. Watu wa huku wameitwa wavivu tangu karne ya 19, na mara nyingi wameitwa hivyo wakiwa kazini.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, walipiga kura asilimia 77 hivi ya walioandikishwa. Mwaka 2000 wakafika 84. Mwaka 2005 wakawa 72, na 2010 wakaporomoka hadi 43. Mwaka 2015 wakapanda tena hadi 67, na 2020 wakashuka hadi 51. Wala si asilimia tu zinazopanda na kushuka. Kura zilizopigwa 2005 zilikaribia milioni 11.9, miaka mitano baadaye zilikuwa milioni 8.6, ilhali nchi imeongezeka watu. Mwaka 2015 zikawa milioni 15.6.

Sasa mwenye hoja ya mwamko atueleze. Ni mwamko gani uliowatoka Watanzania zaidi ya milioni tatu kati ya Desemba 2005 na Oktoba 2010, ukawarudia kwa kishindo 2015, kisha ukawatoka tena 2020? Miaka hiyo hiyo shule za kata zilienea nchi nzima, redio za mikoani zikaongezeka, simu zikaingia hadi vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kuona nguzo ya umeme. Kama tatizo lingekuwa elimu, mstari ungepanda polepole mwaka hadi mwaka. Haukupanda hivyo. Umeruka juu na kuanguka, na kinachoruka namna hiyo hakiwezi kuwa tabia ya watu.

Jirani zetu wa Kenya wametupa ushahidi ulio wazi zaidi. Tarehe 8 Agosti 2017 walipiga kura karibu wanne katika kila watano walioandikishwa. Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, mgombea wa upinzani Raila Odinga akasusia, na waliojitokeza wakawa asilimia 39 hivi. Watu ni wale wale, daftari ni lile lile, vituo ni vile vile, na hazikupita hata wiki 12. Hakuna msomi atakayeniambia kwamba nusu ya Wakenya waliojipanga foleni Agosti walisahau wajibu wao wa kiraia kabla ya Novemba kuingia. Kilichobadilika ni kura yenyewe: Agosti ilikuwa na kazi ya kufanya, Oktoba wengi waliona haina.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili haizungumzwi sana kwa sababu inachosha: daftari. Mwaka 1995 na 2000 watu waliandikishwa upya kwa ajili ya kila uchaguzi, hivyo orodha ilikuwa mbichi na karibu kila aliyekuwemo alikuwa hai na yuko pale pale alipoandikiwa. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura likaja kwa uchaguzi wa 2005. Kufikia 2010 lilikuwa limezeeka kwa miaka mitano, likiwa na marehemu, waliohama na walioolewa mikoa mingine. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaandikisha nchi nzima upya kwa mashine za kielektroniki za BVR, na kiwango kikapanda. Mwaka 2020 lilitumika daftari lile lile lililoboreshwa, na kiwango kikashuka. Pangeni miaka hiyo kwa umri wa daftari, mtaona jinsi inavyokaa.

Na wapo walioingia daftarini bila nia ya kupiga kura. Kabla vitambulisho vya taifa vya NIDA havijaenea, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mtu wa kawaida. Ndiyo aliyoipeleka benki, ndiyo aliyosajilia laini ya simu, ndiyo aliyoitoa polisi akimwekea ndugu yake dhamana. Mama anayetafuta mkopo wa kikundi alijiandikisha kwa haja yake ya haki kabisa. Siku ya uchaguzi asipoonekana, anahesabiwa kuwa mwananchi aliyelala.

Hapa ndipo naomba msomaji aje nami Tabora, maana mezani Dodoma daftari ni orodha tu, ila huku lina vumbi la njia.

Huu ni mkoa wa watu wanaosafiri. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe kabla ya kugawanyika kwenda Ujiji na kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Kazi ya kubeba pembe na vitambaa waliifanya zaidi Wanyamwezi. Wasafiri wa Kizungu waliofika Kazeh na Kwihara, eneo la Tabora ya leo, waliandika wakilalamika kwamba wapagazi hawapatikani, ni wavivu, hawaaminiki. Lakini lalamiko hilo lilikuwa kali zaidi majira ya mvua, na sababu haikuwa siri: mpagazi alikuwa shambani kwake akilima. Aliyetaka kusafiri aliona uvivu, na mwenye jembe alikuwa na msimu wake. Ninaposoma taarifa za leo zinazosikitikia mahudhurio hafifu vijijini, naisikia sauti ile ile.

Mtu wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui anakuwa wapi mwishoni mwa Oktoba? Yuko kwenye tumbaku. Vitalu vimeshapandwa mabondeni karibu na maji, na mche wa tumbaku haujui sikukuu. Humwagiliwa alfajiri kwa keni na jioni tena, nyasi za kufunika zinaondolewa kidogo kidogo ili uzoee jua, matuta yanaandaliwa, na macho yote yako mawinguni. Mvua ya kwanza ikidondoka ndipo miche inahamishwa, na atakayechelewa siku chache atalilipa kosa hilo sokoni. Haya tuseme mwenye shamba anaweza kuacha keni saa mbili akatembea hadi shuleni kijijini, akapiga kura, akarudi. Wengi hufanya hivyo. Hawa si wasiwasi wangu.

Wasiwasi wangu ni kibarua. Tumbaku ya Tabora inalimwa kwa mikono ya watu wengi waliotoka Kasulu, Kibondo na kwingineko, wanaochukuliwa mwanzoni mwa msimu na kulipwa fedha yao tumbaku ikishauzwa, karibu mwaka mzima baadaye. Kijana huyo alijiandikisha kwao. Kadi anayo, ile ambayo mwaka 2015 watu waliiita kichinjio, na pengine ameifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na picha ya mtoto wake. Lakini kituo chake kiko Kasulu. Apande treni Kaliua hadi Kigoma, kisha basi, apige kura, arudi? Kwa nauli ipi, wakati hajalipwa hata shilingi ya msimu? Na bosi wake atakubali akae siku nne nje wakati wa kuandaa matuta? Tume itasema alipewa nafasi ya kuhamisha taarifa zake wakati wa uboreshaji. Ni kweli, ilikuwepo. Uboreshaji wa mwisho ulizinduliwa Kigoma Julai 2024, kila mkoa ukapewa siku saba, ukaja na awamu ya pili 2025. Lakini Julai kibarua hajui Oktoba ya mwaka unaofuata atakuwa kwa tajiri gani. Utaratibu huo umetengenezwa kwa mtu mwenye mshahara na nyumba ya kupanga yenye mkataba.

Waongezeni na wafugaji walioingia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Simiyu, familia zilizojenga pembezoni mwa misitu ya hifadhi ambako hata kitongoji hakijatambuliwa, na warina asali wanaopiga kambi porini kwa majuma. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu milioni 2.3 hivi, ya 2022 ikaukuta na karibu milioni 3.4. Ongezeko la namna hiyo halitokani na vizazi peke yake. Mkoa umejaa watu waliotoka mahali, na daftari ni la watu waliokaa mahali.

Nitaulizwa, na ni swali zuri: mbona mwaka 2005 uchaguzi ulisogezwa hadi tarehe 14 Desemba, baada ya kifo cha mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, na Desemba ni mvua na jembe kila mahali, lakini walijitokeza asilimia 72? Sawa. Swali hilo linaonyesha kwamba msimu peke yake hauzuii mtu, nami sisemi unazuia. Mkulima aliye nyumbani huweza kupiga kura hata mvua inyeshe. Mwaka ule daftari lilikuwa jipya, na jina la mtu lilikuwa karibu na jembe lake. Kinachomkosesha mtu kura ni umbali kati ya alipo na lilipo jina lake, na msimu huuongeza umbali huo kwa anayefuata kazi.

Tena kuna Igunga, hapa hapa Tabora. Mwaka 2011 Rostam Aziz alijiuzulu ubunge, na uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 2 Oktoba. Wanaokumbuka watakubali kwamba hakuna jimbo lililowahi kuhubiriwa siasa kama lile kwa wiki zile chache. Viongozi wakuu wa vyama walihamia huko, helikopta zikaruka vijijini, mikutano haikukoma, magazeti ya nchi nzima yalifungua na Igunga na kufunga na Igunga. Ushindani ulikuwa wa kweli: Dalaly Kafumu wa CCM alimshinda Joseph Kashindye wa Chadema kwa tofauti ya kura elfu tatu na ushei, na kesi ikaenda Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani. Na kati ya watu 171,000 hivi waliokuwa daftarini, waliopiga kura walikuwa 53,000 na kitu. Chini ya theluthi moja.

Mtu wa mwamko ataniambia nini kuhusu Igunga? Kwamba elimu haikufika? Ilifika hadi kwa helikopta. Kura haikuwa na maana? Matokeo yalikuwa ya kukaribiana. Igunga ni nchi ya mifugo na pamba, watu wake wanahama na malisho, na daftari lililotumika ndilo lile lililokwisha kutupa asilimia 43 kitaifa mwaka uliotangulia. Wapo pia waliokaa ndani kwa hofu, maana kampeni ile ilikuwa na vurugu. Hofu si ukosefu wa mwamko. Anayeogopa anajua vizuri kabisa kinachoendelea.

Lakini jambo ambalo Tabora ingepaswa kulifundisha taifa kuhusu suala hili lilitokea zamani zaidi, Januari 1958, wakati TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipofanya mkutano wake mkuu mjini hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya ajabu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na ili uwe mpiga kura ulitakiwa uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo. Katika nchi yenye watu karibu milioni tisa walioandikishwa hawakufika 60,000. Wajumbe wengi walikuja Tabora wameamua: tususie. Kushiriki ni kuubariki ubaguzi.

Naomba tuwatazame wajumbe hao kwa makini. Walikuwa wamesafiri kutoka kila jimbo, wengine kwa nauli zao, kuja kupinga chama chao kisiingie kwenye sanduku. Kwa kipimo cha semina zetu hao wangeandikwa hawana mwamko. Ukweli ni kwamba hapakuwa na watu wenye mwamko kuliko wao nchi nzima. Kukataa kupiga kura kulikuwa hoja ya kisiasa iliyofikiriwa, na Zuberi Mtemvu aliishikilia kiasi cha kukiacha chama na kuanzisha chake, ANC.

Na Nyerere, kiongozi wa TANU, aliwageuzaje waliobaki? Hakuwakemea kwamba hawajui wajibu wao. Aliwajengea hoja ya kazi ambayo kura ile mbovu ingeweza kufanya: chama kikiunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, kitaingia barazani na kuuvunja utaratibu wenyewe kutoka ndani, na kikisusia, viti vitachukuliwa na wapinzani wake. Mjadala ulikuwa mkali. Mwishowe wakakubali, na uamuzi ule ukaingia katika historia kama Uamuzi wa Busara. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, utaratibu wa kura tatu ukatupwa, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Watu waliingia kwenye uchaguzi kwa sababu walionyeshwa matokeo.

Hata enzi ya chama kimoja, ambayo wazee wetu huisifu kwa nidhamu ya kupiga kura, ilikuwa na jambo hilo ndani yake. Mwaka 1965 rais alikuwa mgombea mmoja, lakini ubunge ulikuwa na wagombea wawili, mmoja jembe na mwingine nyumba, na wananchi waliutumia mwanya huo barabara. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza. Mkulima wa pamba aliyesimama kwenye foleni ile alijua anaweza kumwondoa waziri kwa karatasi, na saa za kusimama juani zilikuwa na malipo yake.

Wanaotulaumu hupenda kutupeleka Marekani, nami nakubali twende, maana huko wamelipima jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Tangu 1964 idara yao ya sensa huwauliza watu, baada ya kila uchaguzi wa kitaifa, nani alipiga kura na nani hakupiga. Majibu yanajirudia. Vijana hupiga kidogo kuliko wazee. Wapangaji kidogo kuliko wenye nyumba. Aliyehama karibuni kidogo kuliko aliyekaa pale pale miaka mingi. Katika uchaguzi wa rais, wanawake wamewazidi wanaume tangu 1980. Kiwango chao kilikuwa asilimia 36 tu mwaka 2014, uchaguzi usio wa rais, kisha karibu 66 mwaka 2020. Nao wamekuwa na wahubiri wao wa mwamko. Lakini jimbo la Minnesota, ambalo tangu 1974 linamruhusu mtu kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, limekuwa mara nyingi juu ya majimbo mengine, na mwaka 2020 lilikaribia asilimia 80. Watu wa Minnesota hawakuzaliwa na uraia mwingi zaidi. Walipunguziwa safari moja.

Tena Wamarekani walipopanga tarehe ya uchaguzi wao kwa sheria ya 1845, walichagua Novemba kwa sababu mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani, na Jumanne ili mkulima apate siku ya kusafiri kwa gari la farasi baada ya ibada ya Jumapili. Bunge lao lilimfikiria mkulima kabla ya kumtaka atimize wajibu. Sisi, nchi ya wakulima, tunapiga kura Oktoba kwa kufuata kalenda ya kuvunjwa kwa Bunge.

Nabaki na 2025, na sitaikwepa. Wapo wanaosema mjadala umekwisha: Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba tarehe 29 Oktoba walijitokeza asilimia 87 ya watu milioni 37.6 walioandikishwa. Zaidi ya kura milioni 32, mara mbili ya zile za 2020. Mwenye kuamini kwamba asilimia ni kipimo cha mwamko inambidi aamini pia kwamba mwamko wa Watanzania uliruka kiasi hicho katika uchaguzi ambao Chadema haikuwemo, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo ameondolewa kwenye orodha ya wagombea, intaneti imezimwa na Dar es Salaam imewekewa amri ya kutotoka nje usiku. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya jumuiya zao. Watu walikufa. Naandika sentensi hiyo kwa uzito wote ninaoweza, na sioni jinsi mtu anavyoweza kuiweka pembeni ili asifie mahudhurio. Kama asilimia 43 ya mwaka 2010 ilikuwa aibu ya mwananchi, na 87 ya 2025 ni fahari yake, basi kipimo chenyewe kimeharibika, na ni heri kukiacha kuliko kuendelea kumpimia nacho mtu wa Sikonge.

Uchaguzi mkuu ujao ni 2030, na kazi inaweza kuanza sasa. Tume itoe hesabu ya waliopiga kura kwa kila kituo, kwa umri na jinsia, ili tujue waliokosekana ni akina nani kabla ya kuwapa jina. Sheria imruhusu aliye mbali na kituo chake apige walau kura ya rais popote alipo nchini. Na mashine ya kuandikisha isingoje watu makao makuu ya kata kwa siku saba. Ipelekwe kwenye masoko ya tumbaku msimu wa kuuza, mkulima anapopeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi (AMCOS) na kibarua yuko pembeni akisubiri ujira wake. Ulyankulu, ambako tangu 2014 maelfu ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa 1972 walianza kupewa vyeti vya uraia baada ya kungoja zaidi ya miaka 40, kusiachwe nyuma. Vijana wa Kasulu nao waulizwe wanakotaka kupigia kura, waandikishwe hapo hapo, na kiongozi wa AMCOS atie saini kwamba kibarua atapewa ruhusa siku hiyo bila kukatwa.

Baada ya hayo, kama vituo vya Kaliua vitabaki vitupu na bado kuna wagombea wa kuchagua, nitakaa kwenye semina hiyo ya mwamko na kusikiliza.